Korodani inayouma miezi na miezi: namna ya kumwendea daktari wa upasuaji

"Daktari, itoe tu. Ninayo nyingine."

Ndivyo nilivyomwambia daktari wa upasuaji siku ya kwanza, kabla hata sijakaa sawasawa kitini. Nilikuwa nimeshaumwa miezi 28. Hakucheka. Aliniuliza, "Nikiitoa na maumivu yakabaki palepale, tutatoa nini tena?" Nikakosa jibu. Mengi ninayoandika hapa ni yale niliyopaswa kuyajua kabla ya siku ile, hasa hili: ukienda kwa daktari huyo, omba kwanza ijulikane maumivu yanatoka wapi. Kisu kinafuata baadaye, na wengine hawakihitaji kabisa.

Kabla sijaendelea: kama maumivu yamekushika ghafla saa chache zilizopita, korodani imevimba au imepanda juu, na unasikia kichefuchefu, acha kusoma uende hospitali sasa hivi. Huenda korodani imejisokota kwenye kamba yake na damu haipiti. Nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 hivi. Haya yangu yanawahusu wenye maumivu ya kukaa, yaliyovuka miezi 3. Yakifika hapo madaktari huyaita sugu.

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni ya kukaa. Yalinianza upande wa kushoto nikiwa na miaka 38. Si maumivu ya kumfanya mtu apige yowe. Ni kama kuna mtu amekubana kwa vidole viwili na hataki kuachia. Ikifika saa nane mchana kiti kilikuwa kinanishinda. Nawaachia vijana mashine, mimi nahamia kwenye pasi ili nisimame. Nyumbani nilisema ni mgongo. Mke wangu alijua ukweli baada ya miezi mitano, na ni yeye aliyesema nianze kuandika.

Basi anza na daftari. Mimi nilichukua lile la vipimo vya wateja nikaligeuza nyuma. Kwa wiki 3 andika saa, kiwango cha maumivu kuanzia 0 hadi 10, na ulikuwa unafanya nini. Andika pia mahali penyewe hasa: ndani ya korodani, nyuma yake, juu kwenye ile kamba inayoshika korodani, au kwenye kinena. Je, ukilala chali yanapungua? Yanazidi ukikojoa, ukienda haja kubwa, ukinyanyua mzigo, baada ya tendo la ndoa? Haya si maswali ya kujaza ukurasa. Maumivu mazito yanayoongezeka ukisimama na kutulia ukilala humfanya daktari afikirie varikoseli, yaani vena za korodani zilizotuna. Yanayozidi ukikaa, yakachanganyika na shida ya kukojoa au ya tendo la ndoa, yanaweza kutoka kwenye misuli ya chini ya nyonga. Yanayoanzia mgongoni yakashuka ni habari nyingine.

Mimi hapa ndipo nilipofumbuka macho. Korodani haianzii pale ilipo. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, korodani zake huumbika juu, karibu na figo, kisha hushuka zikiburuta mishipa yake ya damu na ya fahamu. Ndiyo maana jiwe la figo linaweza kumuuma mtu korodani, na ngiri ya kinena vilevile, na hata pingili za mgongo. Ukikata mahali panapouma tu, unaweza kuwa umekata mahali pasipo na kosa.

Vipimo ni vichache: daktari akupapase ukiwa umesimama na ukiwa umelala, mkojo upimwe, klamidia na kisonono vitafutwe, halafu altrasaundi ya korodani inayoonyesha pia mtiririko wa damu. Usikubali kuruka hatua hii. Daktari mmoja aliyeniona mwanzoni aliniandikia dawa za bakteria mara nne, bila kupima mkojo wangu hata siku moja. Kama hakuna bakteria, dawa hizo hazina wa kumuua. Kilichokufa kwangu ni hamu ya kula. Altrasaundi ina kazi nyingine pia, kuhakikisha hakuna uvimbe mgumu ndani ya korodani yenyewe. Ukionekana, saratani lazima ifikiriwe, na hapo safari inabadilika kabisa na haingoji.

Jambo moja la kuchekesha: yangu ilionyesha kifuko kidogo cha maji, lakini upande wa kulia, ule usiouma! Nilitaka kitolewe palepale. Daktari akaniambia vifuko vya namna hiyo viko kwa wanaume wengi tu na haviwaumi. Upande wa kushoto haukuonyesha kitu. Kama na wewe utaambiwa "hatuoni kitu," usidhani umeitwa mwongo. Wenzetu wengi wenye maumivu haya hawaonekani na sababu yoyote, na bado wanatibika.

Kabla ya upasuaji utapewa njia za kawaida, na nakushauri uzifuate kweli, maana swali la kwanza la daktari wa upasuaji litakuwa: umeshajaribu nini na kwa muda gani? Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe kwa wiki kadhaa (mwambie daktari kama una vidonda vya tumbo au shida ya figo). Chupi ya kubana inayoinua korodani. Amitriptilini kiasi kidogo usiku, au gabapentini. Hizi hutuliza mishipa ya fahamu, usishangae ukisoma karatasi ya dawa ukakuta habari za sonona au kifafa. Na mtaalamu wa viungo wa kukufundisha kulegeza misuli ya nyonga. Kuna watu wameishia hapo, wamepona. Mimi nilishuka kutoka 7 hadi 5, nikakwama.

Ndipo nikafika kwenye sindano ya ganzi, na kama utasahau mengine yote hili lisikuponyoke. Daktari anaishika kamba ya korodani kwa vidole, juu kidogo pale inapopita mbele ya mfupa wa kinena, anaizungushia ganzi, kwa kawaida bupivakaini. Unachomwa ukiwa macho. Inachoma kama mchomo wowote, kisha panakuwa pazito, kisha kimya. Si tiba, ni swali: maumivu yanapita kwenye kamba hii au hayapiti? Yakipungua kwa nusu au zaidi wakati ganzi inafanya kazi, ni dalili nzuri kwamba kukata mishipa ya fahamu ya kamba hiyo kutakusaidia. Yasipopungua, yanatoka kwingine, na upasuaji huo hautakufaa hata ukiupenda namna gani. Kuna madaktari wanaoirudia sindano kabla ya kuamua.

Kosa la wengi ni kuchomwa kisha kwenda kulala. Ukilala utajuaje? Nenda kafanye lile linalokuumiza. Mimi nilipelekwa moja kwa moja kwenye cherehani, nikakaa, nikaandika kila nusu saa. Kabla ya sindano: 6. Dakika 30 baadaye: 1. Ilibaki 1 kwa saa tano hivi, nikashona suruali mbili bila kunyanyuka, kitu ambacho nilikuwa sijakifanya kwa mwaka na zaidi. Jioni ikarudi 5. Nilihuzunika, lakini daktari aliposoma ukurasa ule alifurahi kuliko mimi.

Upasuaji gani sasa? Unafuata chanzo. Varikoseli hufungwa vena zake. Busha hutolewa maji pamoja na mfuko wake, ngiri hurudishwa na kushonwa. Aliyeanza kuumwa baada ya kufunga mirija ya uzazi anaweza kuunganishwa upya, au kuondolewa epididimisi, ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani, kama ndipo panapouma ukipagusa. Epididimisi isiyo na kasoro yoyote ya kushikika, matokeo ya kuiondoa si ya kutegemewa sana.

Kwa mtu kama mimi, asiye na kasoro inayoonekana na ambaye sindano imemjibu vizuri, kuna kukata mishipa ya fahamu kwenye kamba ya korodani kwa kutumia hadubini. Devine na Schellhammer wa Marekani waliueleza upasuaji huu mwaka 1978. Unapasuliwa kidogo kwenye kinena, kamba inatolewa nje, inafunguliwa chini ya hadubini. Tishu zinazobeba mishipa ya fahamu zinakatwa, pamoja na msuli unaoizunguka kamba. Vinavyobakizwa ni mshipa mkuu wa damu wa korodani, mishipa ya limfu (inayoondoa majimaji), na mrija wa mbegu. Nilimwomba daktari anichoree, na nilipoona mchoro nikaelewa mara moja: ni kufumua mshono wa koti bila kugusa bitana. Mkono usiozoea utachana bitana. Mshipa wa damu ukikatwa korodani inaweza kusinyaa. Limfu ikikatwa, busha linaweza kufuata.

Kwa hiyo muulize bila haya. Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Unatumia hadubini? Unautambuaje mshipa wa damu? (Wengi wana kifaa kidogo cha kusikiliza mapigo yake humo humo ndani.) Wagonjwa wako wangapi hawakupata nafuu? Daktari mzuri hujibu swali la mwisho bila kukunja uso. Wangu alinipa takwimu zinazokaribiana na za ripoti za wabobezi: katika watu 10 waliochujwa vizuri kwa sindano, kama 7 hupona kabisa, mmoja au wawili hupata nafuu, na mmoja hivi habadiliki. Nilimuuliza mmoja huyo huambiwa nini. Akasema huambiwa hivyo kabla, kama unavyoambiwa wewe sasa.

Na kuitoa korodani? Ipo, mwishoni kabisa mwa foleni. Ripoti moja ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba waliotolewa kupitia kinena walipona kabisa kwa 73%, na waliotolewa kupitia mfuko wa korodani kwa 55%. Kwa hiyo kuna watu wameipoteza korodani na maumivu yakabaki. Ukifika huko, ulizia njia ya kinena, na hakikisha ile ya pili inafanya kazi, kwa kuwa moja yenye afya hutosha kwa homoni na kwa uzazi. Kama bado unataka watoto, zungumzia kuhifadhi mbegu kabla ya siku yenyewe.

Nilifanyiwa asubuhi, kwa nusu kaputi, nikarudi nyumbani jioni. Andaa barafu ya kufunga kwenye kitambaa, dakika 15 au 20 kwa mara, usiweke juu ya ngozi moja kwa moja. Chupi ya kubana usiku na mchana wiki mbili. Mimi nilikatazwa kunyanyua kitu kizito wiki nne na tendo la ndoa wiki tatu. Fuata ratiba ya daktari wako. Ngozi ya mfuko na ya paja kwa ndani inaweza kufa ganzi, hilo ni la kutarajiwa. Homa, usaha, au uvimbe unaokua saa kwa saa si wa kutarajiwa, rudi hospitali.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonitesa. Nilikuwa nimeshashuka hadi 2, mara nikaamka na 4. Nikajiona ndiye yule mmoja wa kumi. Nilimpigia daktari kwa sauti ambayo sasa naionea aibu, naye akanikumbusha kitu nilichokuwa nimeambiwa na kukisahau: nafuu inaweza kuchukua hadi miezi 3 kutulia, ikipanda na kushuka njiani. Usihukumu mapema, na usiache kuandika. Wiki ya saba daftari lina 1. Wiki ya kumi na mbili lina sifuri tano na 1 mbili.

Lipo moja ambalo sikuliona likitajwa popote hadi daktari aliponiambia. Ule msuli uliokatwa ndio uliokuwa ukiinua korodani baridi ikipiga. Upande wa kushoto hauinuki tena, na unaning'inia chini kidogo kuliko zamani. Hauumi. Nikikata suruali yangu mwenyewe sasa, naongeza sentimita 1 upande huo.