Agari ya urea: namna ya kuitengeneza bila kuipika urea

Juzi usiku binti mmoja aliyefanya field kwetu alinitumia picha WhatsApp: mirija ishirini kwenye raki, yote pinki kali kama vidole vya mtu aliyemaliza pakiti ya ubuyu. Chini kaandika, "Kaka, mbona imewaka yote?" Nikamuuliza amepandikiza bakteria gani. Hajapandikiza kitu, mirija ndiyo kwanza imetoka kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke wa moto). Nikacheka, kisha nikaona aibu, maana kosa hilo nami nimelifanya, tena nikiwa na miaka kadhaa kazini. Nimemwandikia hatua zote hizi hapa.

1. Elewa unachokitafuta

Baadhi ya bakteria wana kimeng'enya kiitwacho ureasi. Kinavunja urea na kutoa amonia na kaboni dioksidi. Amonia inapandisha pH (kipimo cha asidi na alkali), na fenoli nyekundu, rangi iliyomo kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), inageuka kutoka manjano kwenda pinki. Basi.

2. Pika msingi

Msingi ni agari kabla ya kutiwa urea. Natumia agari ya Christensen, ya tangu 1946. Kwa lita moja: peptoni (protini iliyovunjwa, chakula cha bakteria) gramu 1, glukosi gramu 1, chumvi gramu 5, fosfati ya potasiamu (KH2PO4) gramu 2, fenoli nyekundu miligramu 12, agari gramu 15. pH iwe 6.8. Mimi natengeneza nusu lita tu kwa mara moja, kwa hiyo nagawa kwa mbili na naweka maji mililita 475, siyo 500. Otoklevu, nyuzi 121, dakika 15.

3. Urea: hapa ndipo usiku wangu ulipoishia

Urea haipiti kwenye otoklevu. Ukiichemsha inavunjika yenyewe na kutoa amonia ileile unayotaka bakteria aitoe, na mirija inakuwa pinki kabla hujafungua hata sahani ya koloni (vishada vya bakteria walioota).

Pima urea ya maabara gramu 12. Mtu ataniuliza kuhusu ile ya mfuko, mbolea ya asilimia 46 ya nitrojeni: iache shambani, hujui kimechanganywa nini humo. Weka kwenye maji safi yaliyotakaswa, kama mililita 18 hivi, utikise. Chupa itakuwa baridi mkononi kama soda ya kwenye friji, kwa sababu urea inavuta joto inapoyeyuka. Usishtuke, na usiiweke juu ya jiko ili iyeyuke haraka. Ishike tu viganjani, ukitaka tumia maji ya uvuguvugu. Ikishayeyuka yote ongeza maji mpaka mililita 30. Hiyo ni asilimia 40.

Sasa ivute kwa bomba la sindano na uipitishe kwenye chujio la mikroni 0.22, idondokee kwenye chupa iliyokwisha kutakaswa. Sukuma polepole. Ukihisi bomba limekuwa gumu ghafla, badilisha chujio. Ukilazimisha, utando unapasuka na unachokusanya hakijachujwa tena, wala hutajua. Nunueni machujio ya sirinji. Nimeona watu wakijaribu njia za mkato ili kuokoa hela ya chujio, halafu wanamwaga nusu lita nzima ya agari.

Subiri msingi upoe mpaka nyuzi 50 hadi 55. Ukiwa bado wa moto sana, utaipika urea kwa mlango wa nyuma. Ukiuacha ukapoa kupita kiasi, utapata mabonge. Mwaga mililita 25 za urea humo, zungusha chupa taratibu bila kutoa povu.

Halafu kuna suala la kopo. Siku nyingine hupimi viungo kimoja kimoja, unatumia unga wa msingi uliochanganywa tayari. Siku moja kopo letu la kawaida la unga huo liliisha, likaja la kampuni nyingine. Nikapika kama nilivyozoea. Pinki. Nikalaumu maji. Nikaosha mirija upya, nikarudia, pinki. Nikasawazisha mashine ya pH, nikarudia, pinki. Saa nne usiku ndipo nikasoma maandishi madogo ubavuni: unga ule tayari ulikuwa na urea ndani. Makopo ni ya aina mbili. Moja halina urea, unalipika kisha unaongeza. Lingine lina kila kitu isipokuwa agari. Hilo unaliyeyusha kwenye maji machache, unachuja mchanganyiko wote, halafu unaumimina kwenye agari tupu uliyoipika pembeni. Soma kopo kabla ya kupima hata gramu moja.

4. Gawa na laza

Mililita 4 hadi 5 kila mrija, ilaze ili upate mteremko juu na kitako kirefu chini. Rangi sahihi ni ya juisi ya pasheni iliyozidishwa maji. Friji, isizidi nyuzi 8.

5. Pandikiza

Koloni safi ya jana, kutoka agari ya CLED au MacConkey (agari za kawaida za kuoteshea sampuli). Chukua nyingi, paka mteremko wote. Usichome kitako, hicho ndicho kitakuonyesha rangi ya mwanzo. Legeza kifuniko. Kila mara weka na mirija mitatu ya udhibiti, yaani ya bakteria ambao majibu yao unayajua: Proteus mirabilis, Klebsiella pneumoniae na E. coli.

6. Soma, na usome mapema

Angalia baada ya saa 2, 4, 6, kisha 24. Proteus hana subira: ndani ya saa chache mrija mzima umeshageuka. Klebsiella anajikongoja, kesho yake unakuta pinki juu ya mteremko tu. E. coli anabaki manjano. Anayesoma mara moja tu, baada ya saa 24, anaweza kuwachanganya hao wawili wa kwanza. Na ukiacha mirija siku nyingi, hata Pseudomonas anaweza kukudanganya kwa kuvunja peptoni, kwa hiyo weka mrija wa msingi usio na urea kando yake.

Pinki peke yake haikupi jina. Fanya kipimo cha indoli (kemikali ambayo baadhi ya bakteria huitoa): P. mirabilis hana, P. vulgaris anayo.

7. Mpigie daktari

Ini linageuza amonia kuwa urea, figo zinaitoa, hivyo mkojo umejaa urea. Proteus akiingia humo anafanya kilekile ulichokiona kwenye mrija. pH inapanda, magnesiamu, amonia na fosfati vinagandamana kuwa mawe ya struvaiti. Jiwe linaweza kujaza figo kwa matawi kama pembe za ayala, au likaziba mpira wa mkojo. Bakteria wamejificha ndani ya jiwe, dozi ikiisha wanarudi. Kwa hiyo mgonjwa wa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inayojirudia, mwenye Proteus na pH ya 8 kwenye mkojo mbichi (uliokaa benchi tangu asubuhi hauhesabiki), mwambie daktari afikirie ultrasaundi. Mkumbushe pia kwamba nitrofurantoini, dawa ya UTI, haimwezi Proteus.

Daktari akiomba urea na kreatinini ya damu (vipimo vya figo), angalia kifuniko cha mrija. Mashine nyingi zinapima urea kwa ureasi hiyohiyo, na floraidi ya mrija wa kijivu inakizima hicho kimeng'enya: jibu linatoka la chini kuliko ukweli. Mrija wenye heparini ya amonia (dawa ya kuzuia damu isigande) nao unalipandisha jibu. Sisi tunapokea kifuniko chekundu. Wa kijivu unarudi wodini na aliyeuleta.