Hita ya gari la zamani haitoi joto: pa kuanzia kabla hujapanda Lushoto

Ukiwa Tanga mjini, hita ya gari inaweza kufa miaka na miaka na asijue mtu. Inakuja kutafutwa Julai, gari limeshatoka Mombo linazikata kona za Soni, ukungu umeshuka, kioo cha mbele kimejaa mvuke kwa ndani na dereva anafuta kwa kiganja. Hapo hita ni kifaa cha usalama kama breki.

Iwe Land Rover Series, Peugeot 504 au Land Cruiser ya zamani, utaratibu ni mmoja. Maji ya moto hutoka kwenye injini, hupita kwenye rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, kisha hurudi. Feni inapuliza hewa katikati ya hiyo rejeta ndogo. Basi uliza mambo mawili tu: maji ya moto yanafika? Hewa inapita?

Washa gari, fungua koki ya hita mpaka mwisho, liache lingurume dakika 15. Kisha gusa ile mipira miwili inayotoka kwenye injini kuingia ndani ya gari. Gusa upesi kwa ncha ya kidole, na uwe mbali na feni ya injini. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanafika. Kosa liko upande wa hewa. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi, maji yamekwama njiani. Yote ikiwa vuguvugu, injini yenyewe haijapata joto, au maji yamepungua. Kifuniko cha rejeta usikifungue mpaka injini ipoe kabisa.

Mipira vuguvugu ndiyo hali ya kawaida kwa magari ya kwetu, na sababu yake inajulikana: themostati, kile kivali kinachozuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka injini ipate moto, imetolewa. Gari lilichemka mlimani siku moja, fundi akaing'oa, gari likaacha kuchemka, kila mtu akaridhika. Lakini kilichochemsha gari mara nyingi ni rejeta iliyoziba au mkanda uliolegea, na hicho bado kipo. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi na husagika mapema, na hita hubaki kutoa upepo wa baridi. Fungua kikombe kilicho juu ya hedi (kichwa cha injini), unapoanzia mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Pakiwa patupu, jibu umelipata.

Themostati ikiwepo, ipime. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha polepole. Namba iliyogongwa kwenye bati lake, mara nyingi 82 au 88, ndiyo nyuzi inazoanza kufunguka. Ikiwa wazi wakati maji bado ya baridi, imekufa. Isipofunguka hata maji yakichemka, hiyo ni hatari zaidi, itaunguza gasketi ya hedi. Pima Tanga, si Lushoto: kule juu, karibu mita 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Unapoirudisha, weka gasketi mpya, chemchemi ielekee kwenye injini, na kale katundu ka hewa kakae juu.

Mpira mmoja wa baridi? Anza na koki. Kwenye magari haya waya wake hukatika au huteleza kwenye klipu, mkono wa dashibodi unasogea lakini koki imetulia tu. Mwambie mtu asogeze mkono huku wewe unaitazama koki. Ikiwa inafunguka sawasawa, huenda hewa imenaswa. Paki gari pua ikitazama mlimani, injini ikiwa baridi fungua kifuniko, acha koki wazi, washa, na uminyeminye mipira ya hita huku ukiongeza maji mpaka mapovu yaishe.

Bado baridi? Rejeta ndogo imeziba kutu. Chomoa mipira yote miwili na upitishe maji ya bomba kinyumenyume, kuanzia tundu la kurudishia, kwa presha ndogo. Yatatoka mekundu kama udongo wa Usambara. Endelea mpaka yawe meupe. Yakitoka kidogo kidogo, jaza siki nyeupe nusu kwa nusu na maji, iache saa moja, suuza tena vizuri. Kompresa usiiguse: rejeta hizi ni za shaba zilizounganishwa kwa risasi, na viungo vya miaka 50 vitaachia.

Zulia la mbele likiwa limelowa, au kioo kikifanya ukungu wenye mafuta na harufu tamutamu, rejeta ndogo inavuja. Ipeleke kwa fundi wa rejeta aiunge, aipime ndani ya beseni la maji kwa presha isiyozidi iliyoandikwa kwenye kifuniko. Ukiwa safarini, unganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba la shaba na klampu mbili, ufike nyumbani.

Upande wa hewa, feni isipozunguka angalia fyuzi, kisha eathi, yaani waya uliofungwa kwenye bodi ya gari. Upepo wa bahari hula viungo. Ukiona unga wa kijani, kwangua mpaka bati ling'ae. Leta waya wenye fyuzi kutoka betri moja kwa moja kwenye mota. Ikizunguka, kosa ni swichi au nyaya. Ikizunguka kwa spidi ya juu tu, rezista, ile inayopunguza spidi ya feni, imeungua. Feni ikiwa nzima na joto halifiki kwenye kioo, tazama kibao cha kugeuza hewa na sponji yake, ambayo kwa umri huo huwa imeshakuwa unga.

Mwisho, jaza kulanti (dawa ya kupoozea injini) na maji ya betri yaliyosafishwa, si asidi, nusu kwa nusu, ubadilishe kila miaka 2. Hatuna barafu ya kuiogopa, lakini ndani yake mna dawa ya kutu. Maji ya kisima cha karibu na bahari yana chumvi, na yakiingia kwenye rejeta ndogo utairudia kazi hii yote.