Kambi ya waandishi Kigoma kwa mwandishi wa riwaya aliyetoka kuugua sana

Fomu ya kuomba nafasi kambini, yaani mahali unapokaribishwa kukaa na kuandika, huuliza unaandika nini. Haiulizi unaweza kupanda ngazi ngapi. Hilo waambie wenyeji wako mwenyewe kabla hujathibitisha. Mji wa Kigoma umekaa kwenye miteremko inayoshuka ziwani, na nyumba yenye mandhari mazuri ndiyo mara nyingi yenye kipandio kikali. Omba chumba cha chini chenye choo ndani na kiti chenye egemeo. Uliza pia ni mwendo gani hadi Hospitali ya Maweni, na usiku nani ana gari.

Treni kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,250, na njiani mnalala. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda viwili, cha daraja la pili sita. Kata tiketi ya kitanda cha chini. Ukiona mwili haubebi, vunja safari Tabora, lakini kwanza hakikisha treni inayofuata ni ya lini.

Dawa hesabu kwa siku za kambi, kisha ongeza za siku 10, zote kwenye pakiti zake, pamoja na muhtasari wa matibabu. Usiziweke kwenye begi moja. Insulini ambayo hujaanza kuitumia hukaa nyuzi 2 hadi 8: iweke mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Ikiwa uko kwenye tiba ya saratani au dawa za kushusha kinga, homa ya nyuzi 38 ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Kigoma malaria ipo, basi kishawishi ni kununua dawa ya mseto dukani na kulala. Usifanye hivyo; kipimo cha malaria kiende pamoja na vipimo vingine. Chandarua chenye dawa beba chako.

Sasa kazi yenyewe. Kinachoharibu kambi ni ile siku nzuri ya kwanza. Unaamka mwepesi, unaandika saa sita mfululizo, halafu siku mbili hunyanyuki. Weka dakika 25, pumzika 15, mizunguko mitatu asubuhi, na saa ikilia acha hata sentensi ikiwa nusu. Kesho utaanzia hapo. Maneno 200 kwa siku yanatosha wiki ya kwanza ya kuandika. Vidole vikifa ganzi, rekodi kwa simu, uchape baadaye.

Kumbukumbu nayo huyumba baada ya ugonjwa, na riwaya haisamehi: mhusika aliyeumia mkono wa kushoto sura ya 2 anachechemea sura ya 9. Siku tatu za mwanzo usiandike kipya. Soma mswada wote, ujaze daftari la jina, umri, mahali, jeraha na nani anajua siri gani.

Usomaji wa hadhara ukubali kwa masharti: kurasa tatu, umekaa, kuna kipaza sauti. Uwe asubuhi au jioni, si saa nane mchana kwenye joto la Septemba. Na usipangwe siku ya mwisho. Hiyo ni ya kufunga mizigo polepole.