Modeli za treni za kuweka kabatini: kwa Dodoma anza na vumbi

Kama unakusanya modeli za treni za kuangalia tu, sio za kukimbiza, kwanza chagua saizi moja ukae nayo. Mi nipo saizi ya HO, yaani 1 kwa 87 (modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni yenyewe), behewa la mita 26 linatoka kama sentimita 30, kwahiyo pima rafu kabla hujanunua chochote. Saizi ya N ni 1 kwa 160, inakaa padogo ila maandishi ya ubavuni huyaoni vizuri, na mi maandishi ndo nayapenda.

Sasa vumbi. Wa Dodoma mnajua, kiangazi upepo ukishaanza hata ufunge madirisha unakuta meza nyekundu. Rafu ya wazi sahau kabisa. Nenda kwa fundi aluminiamu akutengenezee kabati la vioo, na mwambie aweke mpira pale vioo vinapopishana, maana vya kusukuma vinaacha mwanya na vumbi linapita hapohapo, langu la kwanza halikuwa na mpira nikakuta injini ina unga mwekundu mpaka ndani ya magurudumu, niliumia sana. Kusafisha tumia brashi laini ya mekapu, usifute na kitambaa, vumbi letu lina mchanga linakwaruza rangi.

Kabati lisipigwe na jua, rangi inapauka. Kila treni ikalishe kwenye kipande cha reli, ya HO ni upana wa milimita 16.5 kati ya vyuma viwili, isije ikateleza mtu akibamiza mlango. Na maboksi yake usitupe.