Jinsi ya kuandaa usiku wa roki ya zamani sebuleni, kama TV za enzi zile

Ukitaka kuharibu usiku wa muziki wa zamani, weka YouTube kwenye tivi halafu wape watu watano remoti moja. Huyu anaweka wimbo, haujafika hata kiitikio mwenzake anasema subiri kwanza niwaoneshe hii, yule wa tatu anatafuta kitu hakumbuki jina, na saa nzima imekatika hamjasikiliza wimbo hata mmoja mpaka mwisho. TV za muziki za zamani zilinoga kwa sababu kuna mtu alishakuchagulia, wewe kazi yako kukaa na kusubiri, na ukipitwa umepitwa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, chagueni mpangaji mmoja. Mmoja tu. Yeye anapanga playlisti mapema, hakuna kuruka wimbo, hakuna kurudisha nyuma, na asiitangaze kabla. Remoti ikae kwake.

Mpangaji sasa anahitaji sheria, na mimi huwa naziiba kwa Waingereza. Top of the Pops ya BBC ilianza Januari 1964 ikaenda mpaka 2006, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Alhamisi jioni. Ilikuwa na utaratibu mzuri sana: wimbo unaoshuka kwenye chati hauoneshwi, na namba moja ndiyo inafunga kipindi. Fanya hivyohivyo. Kila mgeni akutumie nyimbo tatu siku mbili kabla, uliotajwa na wengi ndio namba moja yenu ya usiku huo, na usimwambie mtu yeyote ni upi. Utashangaa watu wazima wanavyogombana kwa kubahatisha.

Halafu changanya aina tatu za vidio, hapa ndipo utamu ulipo.

Aina ya kwanza ni zile za studio ambazo bendi inapiga plebaki, yaani inaigiza kupiga huku rekodi ndiyo inalia, Top of the Pops imejaa hizo. Waambie wageni waangalie gitaa la umeme, mara nyingi halina hata waya! Au muangalie mpiga ngoma, tasa, ile sahani ya shaba, inayumba lakini husikii kitu, au unaisikia inalia na yeye mkono ushahamia pengine. Huo ni mchezo tosha.

Aina ya pili ni laivu ya kweli. Tafuta The Old Grey Whistle Test, ya BBC pia, 1971 mpaka 1988. Studio ndogo, hakuna mashabiki wa kupiga kelele, mtangazaji wake Bob Harris anaongea kwa kunong'ona utadhani kuna mtoto amelala chumba cha pili. Bob Marley na Wailers walipita pale 1973, na mwaka huohuo wakapita New York Dolls ambao Harris aliwabeza hapohapo hewani, baadaye vijana wa roki ya pank hawakumsamehe. Kwa upande wa Marekani kuna The Midnight Special ya NBC, 1973 hadi 1981, nayo watu walikuwa wanapiga laivu.

Ya tatu ni vidio zenyewe za kutengenezwa. Hapa huwezi kuwaacha Queen, na sio kwa sababu Freddie Mercury alizaliwa kwetu Zanzibar 1946 (ingawa nami hiyo lazima niitaje kila mara, nisameheni). Ni kwamba Bohemian Rhapsody ya 1975 ilikuwa ngumu kuigiza studioni na zile sauti zake zote, na bendi ilikuwa inaingia ziara, basi wakarekodi vidio ya kupeleka BBC badala yao. Wimbo ukakaa namba moja wiki 9, vidio ikawa inarudi na kurudi.

MTV yenyewe ilikuja 1 Agosti 1981, dakika ya kwanza baada ya saa sita usiku, wakafungua na bendi ya Buggles. Mwanzoni vidio zilikuwa chache mno, Rod Stewart alikuwa anajirudia kila ukigeuka. Ila kuna kasoro moja usiiige: wasanii weusi waliwabania, mpaka David Bowie akamuuliza mtangazaji wao swali hilo uso kwa uso 1983. Kwako weka Tina Turner, weka Hendrix, weka Thin Lizzy.

Sasa tivi. Tivi za zamani zilikuwa karibu mraba, za sasa pana, na kuna watu wanapandisha vidio wamezivuta zijaze kioo. Dawa ni kuangalia ngoma kubwa ya chini pale jukwaani: ikiwa duara uko salama, ikiwa kama yai basi vidio imevutwa, tafuta nyingine. Kama una faili lako kwenye kompyuta, kwenye programu ya VLC ukibonyeza herufi A inabadilisha umbo mpaka likae sawa. Mistari myeusi pembeni iacheni, ndivyo inavyotakiwa.

Pia zima ile setingi ya kulainisha picha, Samsung wanaiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Ukiiacha wazi picha inateleza ajabu na uso wa mtu unakuwa kama wa plastiki. Na zile zilizoandikwa 4K sitini fremu usihangaike nazo, picha ya TV ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na mistari 576 ya kuonekana, ya Marekani kama 480, hicho cha ziada kimebuniwa na kompyuta. 480p inatosha na bando lako litakushukuru. Zilizopigwa kwa filamu halisi halafu zikasafishwa upya ndizo zinastahili zaidi ya hapo.

Sauti usitegemee spika za tivi, chomeka redio yoyote yenye besi ya maana. Rekodi nyingi za TV ni mono, kwa hiyo usipoteze muda kupanga spika kushoto na kulia.

Playlisti iwe dakika 50 hivi, isizidi saa. Katikati mpangaji asimame aongee kidogo kama mtangazaji, maneno mawili matatu kuhusu bendi inayokuja, akinong'ona kama Harris ruksa. Namba moja ikiisha zima tivi hata kama watu wanalia wanataka moja ya mwisho, na yule aliyelalamika kuliko wote usiku kucha mkabidhi remoti, zamu ijayo apange yeye.