Kuweka anwani za iSCSI katika kundi moja ili kikao kimoja kibebe miunganisho miwili

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na mwenzangu kutwa nzima tukitafuta sababu ya muunganisho wa pili wa iSCSI (itifaki ya kutumia diski za seva kupitia mtandao) kukataliwa, ilhali wa kwanza ulikubaliwa bila shida. Seva yake ya hifadhi ni Linux inayotumia LIO (sehemu ya Linux inayotoa diski kwa iSCSI), na mteja ni Windows Server. Nachukulia kwamba diski, jina la IQN (utambulisho wa kipekee katika iSCSI) na ruhusa za mteja umekwisha kuziweka kwa targetcli, chombo cha kupangia LIO.

Hatua ya 1: Kadi za mtandao

Kila kadi ipewe subneti yake; hapa nitatumia 10.10.1.5/24 na 10.10.2.5/24. Zikiwa katika subneti moja, Linux huweza kujibu ARP (swali la kutafuta kadi yenye anwani fulani) ya anwani moja kupitia kadi nyingine, nawe ukadhani mzigo umegawanyika kumbe wote unapita kwenye waya mmoja.

Hatua ya 2: Amua nani anaingia katika kundi gani

Hapa ndipo siku yetu ilipoishia, kwa hiyo naomba usipite haraka. Katika iSCSI, lango ni anwani ya IP pamoja na poti yake, ambayo kwa kawaida ni 3260. Malango hukusanywa katika makundi yenye nambari, na kanuni iliyowekwa katika RFC 3720 ya mwaka 2004, kisha ikabaki katika RFC 7143 ya mwaka 2014, ni kwamba miunganisho yote ya kikao kimoja lazima ipitie malango ya kundi moja.

Mwenzangu alikuwa na subneti mbili, hivyo akatengeneza makundi mawili, tpg1 na tpg2 (tpg ni kifupi cha target portal group, kundi la malango), kila moja na anwani yake. Mpangilio huo hupendeza ukiuchora, lakini kundi halihusiani na swichi wala subneti. Kundi ni ahadi ya seva kwamba anwani zote zilizomo zinafikia kumbukumbu moja ya kikao. Amri za kikao hupewa nambari za mfuatano, CmdSN, ambazo ni mfuatano mmoja kwa kikao kizima hata amri zikigawanywa kwenye miunganisho kadhaa. Kwa hiyo lazima awepo mhesabuji mmoja anayeziona zote. Mteja anapotaka kuongeza muunganisho, hutuma ombi la kuingia lenye ISID ileile (utambulisho wa kikao unaotolewa na mteja) na TSIH (ule unaotolewa na seva) ya kikao kilichopo, ambayo si sifuri, na LIO hukitafuta kikao hicho ndani ya kundi lililopokea ombi, si kwingineko. Kikao chetu kilikuwa kimeandikishwa katika tpg1, ombi la pili likafikia tpg2, na dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kernel ya Linux) ikaandika hivi:

```
Initiator attempting to add a connection to a non-existent session, rejecting iSCSI Login.
```

Mstari huo unasema kikao hakipo, nasi tukauamini. Tulibadilisha waya, tukapunguza MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), tukazima na kuwasha huduma upande wa Windows, tukiamini kwamba kikao kinakufa kabla ya muunganisho wa pili kufika. Kilikuwa hai muda wote, katika kundi la jirani.

Kinyume chake nacho kina hatari yake. Ikiwa hifadhi yako ina vidhibiti viwili visivyoshirikiana kumbukumbu ya vikao, usizichanganye anwani zake katika kundi moja ili tu orodha iwe fupi. Kila kidhibiti kiwe na kundi lake, na njia mbili hizo uziunganishe kwa maltipathi (mfumo unaotumia njia kadhaa kufikia diski moja) juu ya vikao viwili tofauti.

Hatua ya 3: Tengeneza kundi

targetcli huweka yenyewe lango la 0.0.0.0 katika kundi jipya. Lifute kwanza, kwa sababu linashika anwani zote na litazuia kuongeza lango mahususi kwenye poti hiyohiyo. Mimi siliachi hata kwenye mashine ya majaribio: hifadhi haipaswi kusikiliza kwenye mtandao wa watumiaji.

```
cd /iscsi/iqn.2024-03.lan.hifadhi:diski1/tpg1
portals/ delete 0.0.0.0 3260
portals/ create 10.10.1.5 3260
portals/ create 10.10.2.5 3260
set parameter MaxConnections=2
cd /
saveconfig
```

MaxConnections hujadiliwa wakati wa kuingia, na thamani ndogo kati ya pande mbili ndiyo inayoshinda. Chaguo-msingi la itifaki ni 1, kwa hiyo kundi lililopangwa vizuri bado litakataa muunganisho wa pili ikiwa upande mmoja umebaki na 1.

Hatua ya 4: Hakiki kabla ya kugusa Windows

Kutoka mashine yoyote ya Linux iliyo kwenye mtandao huo:

```
iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.1.5
10.10.1.5:3260,1 iqn.2024-03.lan.hifadhi:diski1
10.10.2.5:3260,1 iqn.2024-03.lan.hifadhi:diski1
```

Tazama tarakimu iliyo baada ya mkato. Hiyo ndiyo nambari ya kundi, na lazima ifanane katika mistari yote miwili. Kwetu sisi mstari wa pili ulikuwa na 2, na tulikuwa tumeuona tangu saa tatu asubuhi bila kuusoma.

Hatua ya 5: Ongeza muunganisho

Katika iSCSI Initiator fungua sifa za kikao, bonyeza MCS (miunganisho mingi katika kikao kimoja), ongeza muunganisho, kisha taja anwani ya mteja na lango la seva kwa mkono badala ya kuacha chaguo-msingi. Kisha endesha `Get-IscsiSession` katika PowerShell. NumberOfConnections isome 2.

Ikiwa mteja wako ni Linux, hatua hii haikuhusu, kwa kuwa open-iscsi hutumia muunganisho mmoja kwa kila kikao; fungua vikao viwili na utumie maltipathi. Hata kwa Windows, ikiwa unachotafuta ni kazi kuendelea waya unapokatika, mimi huchagua maltipathi, kwa sababu katika ErrorRecoveryLevel (kiwango cha kurekebisha hitilafu) 0, ambayo ndiyo chaguo-msingi la itifaki, hitilafu ya muunganisho hutibiwa kwa kukianzisha upya kikao kizima.