SOMO: Kwenda Kilwa Kisiwani kutoka Dar bila kukwama matopeni

Wakuu habari za saa hizi. Kila likizo ikikaribia napigiwa simu na watu walewale, "we si ulienda Kilwa, nielekeze", nikielekeza nusu saa kesho anapiga mwingine. Sasa naandika hapa mara moja, mwenye swali aulize chini nitajibu nikipata nafasi.

Kilwa Kisiwani ni kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Nimeenda mara tatu. Ya kwanza niliharibu vibaya. Nilitoka Dar Jumamosi alfajiri hesabu yangu ikiwa nifike mchana, nivuke, nilale, kesho asubuhi niende Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu kusini yake, halafu nigeuze. Nimefika Kilwa Masoko, mji wa kuvukia, saa tisa kasoro, mwenye kukata vibali vya kuingia magofuni kashatoka. Kesho yake kibali nimekipata kwenye saa nne hivi, nashuka bandarini mbio na begi mgongoni, nahodha kakaa kwenye kivuli anamenya chungwa, wala hakusimama. Akaniambia "kaka, maji yashaondoka, tukienda saa hizi Songo Mnara tunalala mikokoni". Ndio nikaelewa kwamba Kilwa saa yao ni ya maji, hii ya mkononi ni ya kuangalia basi tu.

HATUA YA 1: Angalia mwezi kabla ya tiketi

Hii ndio hatua yenyewe, zingine zote ukikosea utarekebisha huko huko. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Pwani yetu hii siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakupwa saa nne asubuhi. Sasa saa nne asubuhi si ndio ile saa mgeni kashamaliza chai na chapati anataka kupanda chombo? Unakuta bahari imerudi nyuma huko, mbele yako tope na kaa wanakimbia.

Ukienda mwezi ukiwa nusu, au siku moja mbili baada ya hapo, ni maji mafu, hayapandi sana hayashuki sana, na yanajaa asubuhi katikati, safi kabisa kwa safari. Ukitaka njia rahisi hesabu tarehe za Kiislamu, 8 mpaka 10 na 22 mpaka 24 uko vizuri. Kuvuka kwenda Kisiwani penyewe hata maji yakikupwa utafika, ni karibu tu, ila utashuka mbali kidogo utembee majini na viatu mkononi. Songo Mnara ndio haina msamaha.

Upepo nao. Kusi likivuma la mwezi wa sita mpaka wa nane bahari inachafuka, na Songo Mnara iko kusini kwa hiyo kwa tanga mnakwenda mnapambana nalo, kurudi ndio mnateleza. Mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja ndio mimi napapenda. Masika usiende, au nenda ukijua unachokifuata.

HATUA YA 2: Basi, na zile Kilwa tatu

Mabasi ya kusini mengi utayapata Mbagala, ila uliza siku moja kabla maana vituo vinahamishwa. Panda la alfajiri. Barabara ikiwa nzima ni masaa matano mpaka sita. Nimesema ikiwa nzima kwa sababu Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita na mvua ikaikata hiyo barabara maeneo ya Somanga, watu wakalala njiani, kwa hiyo mvua zikiwa nyingi piga simu kwanza.

Njiani utapita Kibiti, Ikwiriri, unavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa, hapo usilale, mto ule ni mpana jamani kabla ya 2003 watu walikuwa wanavuka kwa pantoni. Somanga basi likisimama nunua samaki wa kukaanga dirishani, shika hela ndogo mkononi kabisa maana dereva hasubiri chenji yako.

Sasa sikiliza hapa. Kilwa ziko tatu. Kivinje, ule mji wa enzi za Waarabu na Wajerumani. Masoko, ndio makao makuu ya wilaya na ndio unakolala. Kisiwani ndio magofu yalipo. Ukimwambia konda "nashuka Kilwa" atakushusha anapojua yeye. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanakuacha njia panda Nangurukuru, hapo unapanda Noah au bajaji kuingia Masoko, kama kilomita 30. Mwambie konda "Masoko" na umuulize kama anaingia ndani au anakuacha njia panda.

HATUA YA 3: Kulala

Gesti zipo za kila mfuko, za mjini bei chee, na za ufukwe wa Jimbizi kama hela yako imenenepa kidogo. Angalia feni inazunguka na neti haina matundu kabla hujalipa. Lala usiku mbili. Ukilala mmoja utayaona magofu kwa kukimbia kama mimi ile mara ya kwanza.

HATUA YA 4: Kibali na chombo

Kibali unakata Masoko kabla ya kuvuka, kisiwani hawauzi. Unapewa control number unalipia kwenye simu, unapata risiti. Beba kitambulisho cha NIDA maana raia analipa kidogo sana kuliko mgeni, ukikosa cha kukutambulisha usigombane na mtu. Fanya hii kazi siku unayofika ukiwahi, au kesho yake mapema ofisi ikifunguliwa.

Chombo kinakodiwa kizima, sio kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa watano mnachangia. Cha tanga ni rahisi na kitamu upepo ukiwepo, cha mashine kinawahi. Mkikubaliana bei taja yote kwa mdomo: kwenda, kusubiri, kutuzungusha Husuni Kubwa (jumba la sultani), kurudi. Wageni wengi wanasahau kusubiri, halafu jioni maneno yanaanza. Na muulize nahodha "tuondoke saa ngapi", usimwambie wewe saa.

HATUA YA 5: Ukishavuka

Chukua kiongozi. Najua wengine mtasema nitasoma kwenye simu, haya, lakini vibao ni vichache na bila mtu wa kukuonyesha utaona ukuta, ukuta, mbuyu, ukuta.

Kitu cha kwanza unachokiona kutoka majini ni Gereza, ngome ilioanzwa na Wareno 1505 walipoupora mji, ila sehemu kubwa unayoiona ni ya Waomani baadaye. Upite, upige picha, uendelee. Moyo wa safari uko Msikiti Mkuu.

Ule msikiti sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11, ndogo, halafu wakaja wakaupanua kusini kwa matao na makuba. Ingia ndani usimame kimya dakika mbili. Jua linaingia kwenye matao linalala chini vipande vipande, popo juu, na hewa ya humo ni ya baridi hata saa saba mchana. Kisha shika nguzo kwa kiganja. Utaona jiwe lina vitundu vidogo kama nyota, vimepangana maelfu, hilo ni tumbawe. Fundi wa zamani alilitoa baharini likiwa bichi, laini, akalichonga, likikauka linakuwa gumu hivyo. Mi huwa nakaa hapo mpaka kiongozi anaanza kukohoa.

1331 yule msafiri maarufu Ibn Battuta alipita hapa akausifia mji. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, wakimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, na Ibn Battuta anasimulia kwamba siku ya Ijumaa wakitoka kuswali fakiri mmoja kutoka Yemen alimuomba sultani nguo alizovaa, na sultani akaenda akazivua kweli akampa. Ukiijua hiyo hadithi halafu ukatembelea Husuni Kubwa, jumba lake, inakaa vizuri kichwani. Husuni Kubwa iko mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya mwamba, vyumba zaidi ya mia, na kuna bwawa la kuogelea la pembe nane. Pembe nane, karne ya 14, bahari yote iko miguuni pako. Nikakaa kwenye ukingo nikamfikiria yule aliyekuwa anateka maji ya kulijaza, kiongozi wangu akacheka, akasema kila mgeni anawaza kuogelea tu.

Utajiri ulitoka kwenye dhahabu iliyokuwa ikipita Sofala, bandari ya Msumbiji, kuja huku. Sarafu ya sultani huyohuyo imeokotwa mpaka Great Zimbabwe, na 1944 mwanajeshi mmoja akaokota sarafu za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, Australia. Zilifikaje huko, wataalamu bado wanabishana.

Adabu: kisiwani kuna watu wanaishi, sio jumba la makumbusho. Toa salamu, shikamoo kwa wazee, omba kabla ya kupiga mtu picha, usipande juu ya kuta. Misikiti mibovu bado ni misikiti, vaa cha kufunika mabega na magoti. Maji ya kunywa beba mwenyewe, chupa urudi nayo.

Hayo ndio yangu. Maswali.

Mdau wa Morogoro: Mkuu asante sana kwa somo. Mi nina mke na watoto wawili, mdogo ana miaka minne, hiyo mashua ni salama? Mke wangu bahari anaiona kwenye TV tu.

Jibu: Ni salama mkuu, mradi maboya ya kuvaa yawepo, na yaangalie mwenyewe kabla hamjapanda, cha mtoto kiwe cha mtoto sio lile la mtu mzima linamvuka kichwa. Nendeni na cha mashine, asubuhi kabla upepo haujaamka. Songo Mnara waacheni safari hii, Kisiwani panawatosha.

Mdau wa Mbeya: Dada peke yangu nikienda vipi? Sitaki usumbufu.

Jibu: Dada yangu mara ya pili nilikutana na mabinti wawili wa Dodoma wanazunguka wenyewe raha mustarehe. Beba kanga mbili, hiyo ni nguo, ni taulo, ni shuka la gesti. Fika mchana, kiongozi mpate ofisini wakati wa kukata kibali, usiokote wa njiani.

Mdau wa Mombasa: Bwana sie huku tuna Gede, magofu ni magofu. Nitoke Mombasa nije kuona nini?

Jibu: Gede nimefika ndugu yangu, pazuri na pametulia, ila pale uko msituni na kima. Kilwa unafika kwa chombo kama walivyofika watu wa zamani, mji unauona kutoka majini kwanza. Njoo uone halafu unitukane.

Mdau wa Kilwa Kivinje: Mbona Kivinje umeipita kama gari la magendo? Hapa ndipo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya 1895, watu wa Maji Maji nao wamenyongwa hapa, boma lipo, nyumba za zamani zipo. Mnakwenda Kisiwani mnapiga picha mnarudi Dar, sisi tunawaona Nangurukuru tu.

Jibu: Umenishika mkuu, kosa langu. Wadau, siku ya kurudi tokeni Masoko asubuhi mpite Kivinje, masaa mawili yanatosha kutembea mji, sokoni kuna pweza. Halafu mzee wetu hapa akikubali awaelekeze.

Mdau wa Muscat: Nakuja Ramadhani, itakuwaje chakula? Nimefunga lakini nakuja na rafiki zangu wasiofunga.

Jibu: Mchana hoteli nyingi zinafunga au zinapika kwa ndani, waambie wanunue vitu asubuhi wale chumbani, sio barabarani. Jioni ndio utamu, futari ya muhogo wa nazi, tambi, uji, mtaa mzima unanukia. Ila nahodha naye kafunga, msimuweke juani mpaka magharibi.

Mdau wa Arusha: Naweza kuunganisha na Mafia?

Jibu: Unaweza, ila sio kutokea Kilwa. Rudi mpaka Kibiti, unaingia Nyamisati, hapo ndio kuna vyombo vya Kilindoni, mji wa Mafia. Kama shida yako ni papa potwe lenga mwezi wa kumi mpaka wa pili.

Mdau wa Morogoro: Mkuu tupe namba ya nahodha basi.

Jibu: Namba ya mtu siiweki hapa. Nenda gatini jioni ukiwa umefika, uliza nani anavusha kesho, watakuja watatu, chagua asiyekuahidi kila kitu.

Mdau wa Mbeya: Samahani narudi tena. Nimehesabu nitaingia Masoko tarehe 9 mwezi wa Kiislamu jioni. Songo Mnara naipata?

Jibu: Unaipata, ila tarehe 11 ndio maji mafu yanaishia, usichelewe. Tarehe 10 vuka Kisiwani na kibali cha Songo Mnara ukate siku hiyohiyo. Tarehe 11 mwambie nahodha muondoke saa moja asubuhi maji yakiwa yanajaa, mtashuka karibu, na mzunguke bila haraka. Maji yakianza kugeuka atakuita. Akikuita njoo, usiseme picha moja ya mwisho.